Sindano ya chanjo, kuogeshwa au uso usiojibu: kipi kitumike kupima mwitikio wa kotisoli kwa mtoto mchanga?

Mtu anayeandaa utafiti wa msongo kwa watoto wachanga kwa kawaida huanza kwa kuhangaikia maabara: mate yakusanywe vipi, yahifadhiwe wapi, yapimwe kwa mashine gani. Maswali hayo yana majibu yanayofahamika. Kinachomkwamisha ni swali lililopaswa kutangulia, kwamba mwitikio hauwezi kupimwa pasipo jambo la kuitikiwa. Ni lazima mtoto akutane na kero fulani, ndogo au kubwa, ndipo kotisoli, homoni ya msongo, ipande, na uchaguzi wa kero hiyo ndio unaoamua matokeo yatakuwa na maana gani. Hapa ninalinganisha njia tatu ambazo mwanafunzi wa uzamili, muuguzi mtafiti au mwanasaikolojia wa watoto anaweza kuzitumia katika mazingira yetu. Ya kwanza ni sindano ya chanjo, ya pili ni kuogeshwa, na ya tatu ni jaribio la uso usiojibu, ambapo mama hukaa mbele ya mwanawe bila kuonyesha hisia yoyote kwa muda mfupi.

Nachukulia kwamba sampuli itakuwa mate. Mtoto anapopatwa na kero, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huziamuru tezi za adrenali zilizo juu ya figo zimwage kotisoli katika damu. Kilele chake katika mate huonekana takriban dakika 20 hadi 30 tangu kero ianze. Mate hubeba kotisoli huru, ilhali sehemu kubwa ya ile iliyo katika damu imeshikwa na protini, na kwa kuwa protini hiyo ni chache kwa mtoto aliyezaliwa karibuni na huongezeka kadiri anavyokua, kulinganisha umri na umri kwa kutumia jumla ya kotisoli ya damu kunaweza kupotosha. Nywele nazo hueleza miezi, si dakika. Isitoshe, katika familia nyingi za Kiislamu za pwani mtoto hunyolewa siku ya saba wakati wa akika, na nywele alizotoka nazo tumboni huwa zimekwisha ondoka kabla mtafiti hajabisha hodi.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni umri, nami nakipa uzito kuliko vyote. Kazi za Megan Gunnar na wenzake katika Chuo Kikuu cha Minnesota, zilizoanza kuchapishwa miaka ya 1980, zilionyesha kwamba mtoto wa siku chache hupandisha kotisoli hata kwa kuvuliwa nguo na kuchunguzwa na daktari, lakini uchunguzi ule ule humgusa kidogo sana anapofikisha miezi mitatu hivi. Hata sindano hupoteza nguvu: katika utafiti wao wa mwaka 1996 uliowafuata watoto kwenye chanjo za miezi 2, 4, 6 na 15, mwitikio wa miezi 2 ulikuwa mkubwa kuliko ule wa miezi 4. Kwa hiyo njia inayofaa wiki ya tano inaweza isitoe chochote mwezi wa tano, bila kosa lolote la mtafiti.

Vigezo vingine ni hivi: iwapo njia inaamsha kotisoli kwa uhakika au inamliza mtoto tu, iwapo inaweza kurudiwa kwa namna moja kwa kila mtoto, mambo gani yanaweza kuchafua kipimo, mzigo gani unawekwa juu ya mtoto na familia yake, na mwisho, swali gani linajibiwa. Kuhusu kilio ni vyema kukumbuka kwamba kilio na homoni haviendi sambamba. Mwaka 1984 Gunnar na wenzake walichunguza watoto wachanga wa kiume waliokuwa wakitahiriwa, wakaona kwamba waliopewa chuchu bandia walilia kidogo kuliko wasiopewa, ilhali kotisoli yao ilipanda kama ya wenzao. Anayetegemea masikio yake kuamua ni mtoto yupi ameathirika zaidi atakosea mara nyingi.

Sindano ya chanjo

Watafiti wengi wa hapa watavutiwa na njia hii kwanza, na wana haki, kwa kuwa kliniki tayari ipo, kadi ya mtoto ina tarehe, na sindano itachomwa iwe utafiti upo au haupo. Lakini ratiba yetu si ile ya vitabu vingi vya nje. Tafiti nyingi za Marekani zimefuata chanjo za miezi 2, 4 na 6, ilhali Tanzania na Kenya watoto huchanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha surua na rubela mwezi wa 9. Maana yake ni kwamba ziara zetu tatu za mwanzo zimerundikana katika kipindi kile kile ambacho mwitikio wa mtoto unashuka kwa kasi. Mtafiti anayechanganya watoto wa wiki ya 6 na wa wiki ya 14 katika kundi moja atakuwa amepima kukua kwao huku akidhani amepima msongo.

Kwa nguvu ya mwitikio, sindano inazitangulia njia nyingine mbili, kwa sababu maumivu huiamsha kotisoli kwa uhakika zaidi kuliko kero isiyouma katika miezi ya mwanzo. Usawa wake, yaani kurudiwa kwa namna moja kwa kila mtoto, ni wa wastani. Dawa ni ile ile, lakini idadi ya michomo hubadilika: wiki ya 6 na ya 10 mtoto hupata sindano ya chanjo ya magonjwa matano na ile ya nimonia, na wiki ya 14 huongezewa polio ya sindano. Mkono wa muuguzi hutofautiana pia, na namna mama anavyompakata mtoto hutofautiana zaidi.

Palipo na kazi kubwa ni kwenye vichafuzi. Kabla ya kufika chumba cha chanjo, mtoto amevuliwa nguo na kuning'inizwa kwenye mzani, jambo ambalo kwa mtoto wa wiki sita ni kero kamili. Ukichukua sampuli ya kwanza baada ya mzani, hicho ulichokiita kiwango cha awali tayari ni mwitikio. Kisha yapo matone ya polio na ya rota (chanjo ya kuhara) yanayoingia kinywani. Chanjo ya rota ina sukari, na ladha tamu yenyewe humtuliza mtoto. Halafu lipo ziwa la mama. Mama yeyote wa kwetu hunyonyesha mara tu mtoto anapolia baada ya sindano, na anafanya vizuri, kwani mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitaja kunyonyesha miongoni mwa njia za kupunguza maumivu ya chanjo. Hata hivyo maziwa ya mama yana kotisoli yake, na ya ng'ombe vilevile, na mabaki yake mdomoni yanaweza kuonekana maabara kana kwamba ni ya mtoto.

Wapo wanaopendekeza mama azuiwe kunyonyesha hadi sampuli ya pili ichukuliwe. Siwezi kuliunga mkono pendekezo hilo. Kumnyima mtoto kitulizo kinachojulikana ili namba zetu zitoke safi ni kubadilisha tiba kwa ajili ya takwimu. Afadhali mama anyonyeshe kwa muda uliopangwa, saa ya kuanza na kumaliza iandikwe, kinywa cha mtoto kifutwe kwa shashi yenye maji safi, na sampuli ya dakika 25 ichukuliwe baada ya hapo; na kundi zima lifuate utaratibu huo huo, ili athari ya kunyonya iwe sehemu ya swali badala ya kuwa doa lililofichwa.

Mzigo wa njia hii kwa mtoto ni mdogo kimaadili kwa sharti moja, kwamba utafiti usiongeze mchomo, usicheleweshe chanjo, wala usibadilishe mpangilio wake. Inawafaa wanaouliza jinsi mtoto anavyoitikia maumivu, au jinsi kitulizo fulani kinavyomsaidia. Kuchomwa kisigino kuko karibu na njia hii, na kwetu hufanyika hasa hospitalini kupima sukari ya mtoto mchanga, au katika wiki ya 4 hadi ya 6 kwa watoto waliozaliwa na mama wenye virusi vya UKIMWI. Familia hizo za mwisho zinasubiri jibu zito, nami ningemshauri mtafiti asiongeze jambo lingine juu ya siku hiyo isipokuwa utafiti wenyewe unawahusu wao.

Kuogeshwa

Watafiti wa Nijmegen nchini Uholanzi, akiwemo Carolina de Weerth, walitumia kuogeshwa kama kichocheo kwa watoto wa wiki tano wakiwa nyumbani kwao, na kotisoli ya watoto ilipanda. Kinachomkera mtoto si maji ya vuguvugu. Ni kuvuliwa nguo, na zaidi kutolewa majini na kukutana na hewa huku akigeuzwageuzwa na kufutwa. Njia hii ina dirisha lake la umri, yaani wiki za mwanzo za maisha. Baada ya hapo watoto wengi hulizoea beseni, na wengine hulifurahia.

Nguvu yake ni ya kati: ndogo kuliko ya sindano, lakini inatosha katika umri huo. Faida yake kubwa ni kiwango cha awali, kwa sababu mtoto yuko kwao, hakuamshwa alfajiri, hakupangwa foleni. Saa inaweza kuchaguliwa, na ikibidi ziara inaweza kuahirishwa hadi kesho bila kuharibu ratiba ya chanjo.

Ugumu uko kwenye usawa. Nyumba ya Tandale, Dar es Salaam, kwenye joto la Februari na nyumba ya Njombe kwenye baridi ya Julai si mazingira mamoja kwa mtoto aliyelowa. Kwa hiyo joto la maji na la chumba lazima lipimwe na kuandikwa, na muda wa kumfuta na kumvisha uwekwe mmoja kwa wote. Lililo gumu zaidi ni kujua nani anaogesha. Katika familia nyingi za pwani, siku arobaini za kwanza kazi hiyo huwa ya bibi, shangazi au mkunga wa mtaani, naye hamwogeshi tu: humkanda, humnyoosha viungo na kumpaka mafuta. Ukimtaka mama mwenyewe aogeshe kwa ajili ya utafiti, unaweza kuwa unampima mtoto mikononi mwa mtu anayejifunza siku hiyo. Ukimwacha bibi aendelee, unapima malezi yalivyo kweli, lakini mikono inakuwa tofauti kila nyumba. Mimi ningemwacha anayemwogesha kila siku, kisha ningerekodi video na kueleza wazi nani alifanya nini, kwa sababu mtoto wa wiki tano anaijua mikono inayomshika.

Vichafuzi ni vichache kuliko kliniki, ingawa mafuta na krimu vinahitaji uangalifu. Krimu ya haidrokotisoni ni kotisoli yenyewe, na alama yake kidoleni mwa anayeshika pamba inaweza kuipandisha sampuli kupita kiasi. Vilevile mkorogo unaopakwa ngozini huweza kuwa na steroidi kali, na steroidi zinazopenya ngozi kwa wingi hudidimiza tezi za mpakaji. Swali kuhusu krimu liulizwe kwa faragha na kwa heshima, pasipo kumhukumu mama.

Mzigo wa mwili kwa mtoto ni mdogo mno, kwani angeogeshwa hata hivyo. Mzigo wa familia ndio mkubwa: mgeni anaingia ndani katika siku ambazo nyumba nyingi humkinga mtoto na macho ya watu. Kuongozana na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayefahamika mtaani, na kufika kujitambulisha siku ya kwanza bila kamera wala vichupa, ni sehemu ya utafiti wenyewe. Njia hii inawafaa wanaotaka kujua jinsi mlezi anavyosaidia mwili wa mtoto kutulia baada ya kero ya kawaida ya maisha.

Uso usiojibu

Edward Tronick na wenzake walilieleza jaribio hili mwaka 1978. Mama hucheza na mtoto ana kwa ana kwa dakika mbili hivi, kisha hukaa akimtazama bila tabasamu, bila sauti na bila kumgusa kwa muda kama huo, halafu hurudi kucheza. Umri wake ni takriban miezi 3 hadi 9. Kabla ya hapo mazungumzo ya uso kwa uso hayajakomaa vya kutosha kwa mtoto kushangazwa na kukatika kwake.

Kwa mwenendo wa mtoto, jaribio hili ni imara: watoto wengi hupunguza tabasamu, hugeuza macho na kunung'unika. Kwa kotisoli, jibu si imara hivyo. Baadhi ya tafiti zimeona ikipanda, nyingine zimeona haibadiliki au inashuka, na ndiyo maana wengine huongeza kipindi cha pili cha uso usiojibu ili kero ikolee. Mtafiti anayechagua njia hii awe tayari kukuta wastani wa kundi haujasogea, huku tofauti kati ya mtoto na mtoto zikiwa ndizo zenye habari.

Usawa wa utaratibu ni mzuri, pengine kuliko njia zote tatu, kwa kuwa saa, kiti na maelekezo vinaweza kuwa vilevile kwa kila mtu. Lakini hapa kuna jambo linalogusa eneo letu moja kwa moja. Katika miaka ya 1970 timu ya mwanaanthropolojia Robert LeVine iliishi na Wagusii wa magharibi mwa Kenya, na miongoni mwa waliochunguza malezi huko alikuwamo Tronick mwenyewe. Waliona kwamba mama wa Kigusii alizoea kugeuza uso pale mtoto aliposisimka, na kwamba mchezo wa kutazamana ana kwa ana haukuwa desturi. Mtoto anayebebwa mgongoni sehemu kubwa ya siku huijua hali ya mama yake kwa joto, mwendo na sauti kuliko kwa uso. Kwa mtoto kama huyo uso usiojibu unaweza kuwa kero ndogo, ilhali kuketishwa kwenye kiti cha plastiki mbali na mwili wa mama kukawa ndiyo kero kubwa. Kabla ya kulitumia jaribio hili, mtafiti ajue kwanza watoto wa mahali hapo huchezeshwa vipi, na aingize kipindi cha kukaa kitini tu, bila kunyamaziwa, ili apate cha kulinganisha.

Vichafuzi vya kinywani ni rahisi kuvidhibiti, kwa kuwa hakuna matone ya dawa wala sababu ya kunyonyesha katikati. Udenda wa mtoto anayeota meno husaidia kupata mate ya kutosha. Mzigo kwa mtoto ni mwepesi, na jaribio husimamishwa mara moja kilio kikizidi. Mzigo kwa mama huweza kuwa mzito, hasa aliye na sonona baada ya kujifungua, ambaye anaombwa kuigiza kile anachohofia kwamba anakifanya nyumbani. Njia hii inawafaa wanaouliza kuhusu uhusiano wa mama na mtoto, wenye vifaa vya video na muda wa kuchambua mwenendo pamoja na homoni.

Yanayozihusu njia zote

Mtoto aliyetoka kusinzia asipimwe papo hapo, kwa kuwa usingizi huishusha kotisoli. Dakika 30 hadi 45 za kuwa macho zinatosha. Safari ya gari nayo humshusha mtoto kiwango, kama alivyoonyesha Mary Larson pamoja na Gunnar na wenzake mwaka 1991, kwa hiyo mtoto aliyeteremka kwenye daladala sasa hivi anaweza kuonekana amepandishwa na kichocheo wakati anarudi tu katika hali yake. Mzunguko wa mchana na usiku huanza kujijenga katika miezi ya mwanzo. Saa ya kupimia basi iwe moja kwa watoto wote. Pamba au sponji ya kukusanyia mate iwe ndefu, na upande mmoja ushikwe mkononi muda wote ili mtoto asipaliwe. Usimchokoze mate kwa ndimu au kitu chochote kichachu, kwani asidi huvuruga kipimo. Sampuli zote za mtoto mmoja zipimwe kwa pamoja, katika zoezi moja la maabara.

Jambo linalosahaulika mara nyingi ni siku isiyo na kichocheo. Kushikwashikwa, kuwekewa pamba mdomoni na kuzungukwa na wageni vyatosha kumsumbua mtoto wa wiki sita. Bila kikao ambacho mate yanachukuliwa kwa nyakati zile zile pasipo sindano, beseni wala uso usiojibu, hakuna namna ya kutenga mwitikio wa kichocheo na mwitikio wa utafiti wenyewe.

Kuchagua kwa hali yako

Kama watoto wako ni wa wiki ya 6 na swali lako ni maumivu, nenda na chanjo, fika kabla ya mzani, na baki kwenye ziara moja ya ratiba badala ya kuchanganya tatu. Kama ni wa mwezi wa kwanza au wa pili na swali ni malezi, kuogeshwa nyumbani kutakupa zaidi, mradi una muda wa kujenga imani na familia moja baada ya nyingine. Kama wamefikisha miezi minne au mitano na wewe ni mwanasaikolojia mwenye kamera, chukua uso usiojibu, ukiupa mwenendo uzito sawa na kotisoli.

Kama unataka kuwafuata watoto wale wale kutoka wiki ya 6 hadi mwezi wa 9, chanjo ndiyo pekee inayojirudia kwa asili, ingawa kushuka kwa mwitikio lazima kuwe ndani ya hesabu tangu mwanzo. Kama fedha ni kidogo, afadhali kupunguza njia hadi moja na kubakiza siku isiyo na kichocheo kuliko kuwa na njia mbili bila siku hiyo. Kibali cha maadili kitahitajika kwa njia yoyote, nchini Tanzania kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kamati itauliza kwanza iwapo kero unayoitumia ingempata mtoto hata bila wewe. Chanjo na beseni zina jibu jepesi, uso usiojibu unahitaji hoja.

Na kama watoto wako walizaliwa njiti, au mama zao walidungwa deksamethasoni kabla ya kujifungua ili kukomaza mapafu ya mtoto, usiwaweke katika kundi moja na wengine kwa njia yoyote kati ya hizi, kwa sababu dawa hiyo huweza kulididimiza jibu la adrenali. Waandikie itifaki yao wenyewe pamoja na daktari anayewatibu.